Mguu Kwanza, Kifuniko Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa umejaa wanaume wanaokunywa chai, na mimi sikuwa mtu wa kupita katikati ya wanaume. Ilikuwa miaka ya sabini, nimetoka tu kumaliza kidato cha nne. Karakana yetu ilikuwa Shauri Moyo, nyuma ya wauza mbao, mahali ambapo ukikohoa unatema vumbi la msumeno. Nilisimama kando ya rundo la miguu ya meza nikingoja mtu anione. Nilingoja sana.

Aliyeniona ni Fomani Nzioka, msimamizi wa mafundi wote, Mkamba mwembamba aliyeweka penseli sikioni hata akiwa haandiki kitu.

"Wewe ni mgeni au ni mguu?" akaniuliza.

"Mgeni," nikasema.

"Sema tena, sikusikia."

"Mgeni!"

"Haya. Miguu ninayo ya kutosha."

Akanipeleka mbele ya meza ndogo iliyoegemezwa ukutani. Ilikuwa na umbo la nusu mwezi: upande ulionyooka umegusa ukuta, upande wa mviringo unatazama chumba. Mahogani nyekundu iliyoiva, miguu myembamba kama ya swala. Akaniuliza ni meza ya nini. Nikasema ya maua. Nilikuwa nimeona moja kama hiyo kwenye picha, na maua juu yake.

Fomani akacheka, akaisogeza meza mbali na ukuta, akainama, akashika mguu wa nyuma na kuuvuta. Ulizunguka kwenye kiungo chake kama lango la zizi. Ndipo akainua ubao wa juu, akaulaza juu ya ule mguu, na mbele ya macho yangu ile nusu ikawa meza nzima ya duara. Ndani yake ilikuwa imevalishwa kitambaa kizito cha sufu, kijani kibichi, na kuzunguka ukingo kulikuwa na vishimo vidogo laini, mithili ya visahani.

"Hii ni meza ya karata," akasema. "Vishimo ni vya kuwekea pesa za kamari. Sasa nisikilize. Hapa kuna sheria moja, na ukiisahau usirudi kesho. Mguu kwanza, kifuniko baadaye."

Sababu yake ni hii. Kifuniko cha meza kama hiyo kinashikwa na bawaba ndogo za shaba. Ukikifungua kabla ya kuvuta mguu, uzito wote unaning'inia kwenye zile bawaba, na mbao kuukuu haina huruma, inapasuka pale pale kwenye skurubu. Meza imeishi kuliko babu yako, nawe unaivunja kwa kupepesa jicho.

Vijana wa leo huniuliza meza hizo zilitoka wapi. Zilitoka kwenye nyumba kubwa za watu waliokuwa wakihama nchi, wengine baada ya Uhuru, wengine baadaye. Walipofunga virago waliuza walivyoshindwa kubeba, na Meneja wetu akawa hakosi mnada. Zilifika kwa lori zikiwa na miguu iliyovunjika, vitambaa vilivyoliwa na nondo, na mara moja na kiota cha panya. Tulizitengeneza, zikaenda hotelini na kwenye nyumba zilizopata wenyewe wapya. Enzi hizo televisheni ilikuwa bado ya wachache, na jioni watu walikaa kuzunguka meza.

Niliajiriwa kwa sababu ya mikono yangu. Mama alikuwa anafuma sweta za shule kwa mashine, na nilikuwa nimekua nikikata na kuunga. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa vitambaa vya kijani. Unakilainisha cha zamani kwa maji ya vuguvugu, unakibandua kwa kisu butu, unasafisha mbao, kisha unapaka gundi ya ngozi. Gundi hiyo tuliichemsha kwenye sufuria iliyokalishwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, maana ikiguswa na moto wenyewe inaungua na kunuka kama kwato. Kazi ngumu ni kulaza kitambaa. Kina manyoya madogo, nayo yana upande yanakolala. Ukikosea, nusu moja ya meza inatazama huku na nyingine kule, na taa ikiwashwa upande mmoja unaonekana umelowa. Fomani hakutazama. Alifumba macho, akapitisha kiganja kutoka ukingo hadi ukingo, akasema "ndiyo" au "bandua".

Mwaka wa kwanza nilibandua sana.

Baadaye nilihamishiwa chumba cha polishi, chini ya fundi Odongo, ambaye aliongea kwa niaba yake na yangu. Polishi yetu ilikuwa lakri iliyoyeyushwa kwa spiriti, na tuliipaka kwa donge la pamba lililofungwa ndani ya kipande cha shati kuukuu. Unazungusha mkono, unazungusha, unazungusha, na husimami, kwa sababu donge likisimama linang'ang'ania na kung'oa kila ulichofanya tangu asubuhi.

"Siste, usisimame!" Odongo alikuwa akipiga kelele. "Hata moto ukiwaka, zungusha ukikimbia!"

Odongo alipenda meza ing'are kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Fomani hakupenda. Waligombana kila wiki kuhusu jambo hilo, na ugomvi wao ndio uliokuwa shule yangu. Siku moja Odongo alitaka kupiga msasa ukingo wa meza ya drafti, ile yenye miraba ya mbao nyeupe na nyeusi. Ukingo ulikuwa umelika sehemu moja.

"Usiguse hapo," Fomani akasema.

"Fomani, hapo pamechakaa!"

"Ndiyo maana usiguse. Soma palipochakaa. Huyu aliyekaa hapa alikuwa anaegemea mkono wa kushoto, na alikuwa anafikiri sana kabla ya kusogeza kete. Ukipiga msasa, umemfuta mtu."

"Na mteja akisema ni chafu?"

"Mteja akisema ni chafu, mwuzie kiti."

Sasa niseme jambo la nyumbani, maana bila hilo haya mengine hayana maana. Tuliishi Jericho, nyumba ya vyumba viwili. Baba alikuwa dereva wa malori na aliishi zaidi barabarani. Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na katika nyumba yake kulikuwa na katazo moja lililopita mengine yote: karata. Pombe aliichukia kama watu wengine wanavyoichukia, lakini karata alizichukia kivyake. Vijana waliocheza nyuma ya mabomba ya maji walimjua. Aliwahi kuwamwagia ndoo nzima, akarudi kwenye foleni kuchota nyingine.

Niliponunua viatu kwa mshahara wa kwanza aliniuliza, "Huko unafanya nini hasa?"

Nikasema, "Fanicha, Mama."

Haukuwa uongo. Lakini nilijua, na niliogopa, kwamba siku atakayojua nashinda nikivalisha meza za kamari, hiyo ndiyo itakuwa siku yangu ya mwisho Shauri Moyo. Angeniambia niache, nami ningeacha. Sikuwahi kumbishia mtu yeyote, sembuse Mama. Na kazi ile nilikuwa nimeanza kuipenda kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu, isipokuwa shajara yangu, niliyoijaza kila jioni kwa sababu kuandika hakukuhitaji kutazamwa usoni.

Karakana yetu ilikuwa na desturi. Anayemaliza kujifunza alichagua meza moja kutoka lile rundo la zilizoshindikana, tuliloliita Makaburini, akaifufua peke yake bila kusaidiwa. Kisha aliipeleka kwake, ikae huko hadi mvua ipite na jua lirudi, ndipo Fomani aende kuikagua. Alisema meza inaweza kukudanganya karakanani, lakini nyumbani, penye moshi wa jiko na unyevu wa kufua, mbao husema ukweli. Ikipinda, hujafuzu. Ikifunguka na kufungika sawasawa, wewe ni fundi.

Ningeweza kuchagua meza ya drafti. Hakuna mzee wa kanisa ambaye angeikasirikia. Lakini Makaburini kulikuwa na nusu mwezi moja, haina bawaba, kitambaa kimeoza, mguu mmoja umepotea. Niliipenda kwa sababu ilijua kukaa kando na kujificha. Odongo alipoona nimeivuta alisema, "Ah! Siste amepata ndugu yake." Nikaichongea mguu mpya wa mkangazi, nikaipatia bawaba, nikaivalisha, nikaizungushia polishi mpaka bega likafa ganzi.

Ilifika Jericho kwa mkokoteni, imefungwa. Nilikuwa nimejiandaa na sentensi yangu: ni meza ya ukutani, Mama, ya kuwekea Biblia. Sikuihitaji. Mama aliitazama kitambo, akapitisha vidole chini ya ukingo wake, akauliza, "Umeitengeneza wewe?"

"Ndiyo."

"Peke yako?"

"Ndiyo, Mama."

Akaenda chumbani akarudi na kitambaa alichokifuma kwa sindano, cheupe chenye maua, akakitandaza juu yake. Juu ya kitambaa akaweka Biblia. Nikashusha pumzi. Miezi ikapita, masika yakaja yakaenda, na meza ikasimama ukutani bila kosa, na ukijani wake ndani kama siri ya mtu mpole.

Fomani alisema angekuja Jumamosi. Akapatwa na shughuli, akaja Jumapili mchana, na Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yetu kuwapokea akina mama wa maombi, pamoja na Mzee Zakaria, mzee wa kanisa aliyetuongoza. Fomani aliingia na koti lake la kanisani, akaona wale mama wamejaa hadi kitandani, akamwona Mzee Zakaria amesimama na Biblia ya Mama mkononi, akaiona meza. Akanitazama. Alielewa yote bila kuambiwa, maana kwao pia ni watu wa kanisa.

"Huyu ni Fomani wangu," nikamwambia Mama kwa sauti ya kuazima.

"Karibu, Bwana Fomani. Keti, kuna chai."

Fomani akaketi karibu na mlango. Hakuisogelea meza. Akaninong'oneza, "Nitakuja siku nyingine." Nami nikamshukuru Mungu aliyekuwa akiimbiwa.

Wimbo ulipokwisha Mzee Zakaria alitaka mahali pa kurudisha Biblia. Akaiweka chini ya kwapa kwanza, akaivuta meza kutoka ukutani, akainama kuitazama.

"Meza nzuri hii, Mama Wambui. Lakini mbona ubao wa juu ni wa mara mbili? Mafundi wa siku hizi hawana hesabu na mbao." Akaingiza vidole kwenye ufa kati ya mbao hizo mbili. "Au huu unafunguka?"

Akainua.

Nilikuwa upande wa pili wa chumba, na katikati kulikuwa na magoti ya mama wote wa Jericho. Niliona kifuniko kikisimama wima, kitambaa cheupe kikiteleza, na mguu wa nyuma bado haujavutwa. Nilijua kinachofuata. Kitalala upande wa pili bila kitu chini yake, bawaba zitang'oka, na mahogani ile itapasuka kutoka ncha hadi ncha. Nilifungua mdomo kusema neno moja tu, mguu. Halikutoka. Mbele ya watu wazima wengi kiasi hicho, halikutoka.

Mama alikuwa akimimina chai. Aliweka birika chini. Hakutazama, hakupapasa. Aliinama, mkono wake ukaenda moja kwa moja nyuma ya meza, ukashika mguu mahali pake hasa, ukauvuta. Mguu ukazunguka na kale kakilio kake, ukafika chini ya kifuniko wakati ule ule kifuniko kilipokuwa kinatua.

Katikati ya chumba chetu, kati ya akina mama wa maombi, ikawa meza ya duara, kijani tupu.

Mama mmoja akasema, "Yaani ni kama uwanja wa mpira."

"Hivi vishimo ni vya nini?" Mzee Zakaria akauliza.

Fomani alitazama dari. Mimi nilitazama sakafu.

"Ni vya pesa za kamari, Mzee," Mama akasema. "Hii ni meza ya karata."

"Ulijua?"

"Nilijua siku ilipoingia." Akaokota kitambaa chake sakafuni, akakikung'uta. "Nilikuwa yaya Kilimani kabla huyu binti hajazaliwa. Nyumba ile ilikuwa na moja kama hii. Usiku walicheza, asubuhi mimi ndiye niliyefungua na kufuta na kufunga. Bwana wa nyumba alipoteza shamba zima juu ya kitambaa kama hiki, na mkewe akaja kulilia jikoni kwangu, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kulilia. Ndiyo maana karata hazitaingia hapa nikiwa hai."

"Basi meza imeingiaje?"

"Meza haikucheza, Mzee. Walicheza watu. Hii imetengenezwa na Wambui."

Mzee Zakaria hakuwa mtu mbaya. Nilimwona akitafuta njia ya kutokea. "Lakini wewe ni mwenyekiti wa akina mama," akasema polepole.

"Najua."

"Itabidi nilifikishe jambo hili kwa wazee wenzangu."

"Lifikishe. Chai yako inapoa."

Fomani akasimama. Kwa kuwa meza ilikuwa wazi tayari, alipita katikati ya magoti akiomba radhi, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya ukijani kutoka ukingo hadi ukingo. "Ndiyo," akasema. Akakunja kifuniko, akarudisha mguu, akachungulia ufa wote kama umelingana. Mlangoni alimwambia Mama, "Mama Wambui, sweta zikikosa soko, njoo Shauri Moyo. Nafasi ipo." Mama akacheka, akiwa na macho mekundu.

Kesho yake Fomani alitangaza mbele ya karakana nzima, "Wambui amefuzu. Na mamake pia."

Jioni ile ya Jumapili, wageni walipokwisha kuondoka, nilimwuliza Mama kwa nini hakusema mapema. Alikuwa akiosha vikombe.

"Ningekuuliza, ungeniambia ukweli," akasema. "Ukiniambia ukweli, ningelazimika kukukataza. Nikikukataza, ungeacha. Wewe huna mdomo wa kubishana, Wambui. Nilikuona ulivyoisindikiza ile meza ukishikilia mkokoteni kama umebeba mtoto. Sasa nenda kaisogeze ukutani, rudisha Biblia."

Nikaisogeza. Mama akapumzishwa uenyekiti. Jumapili nyingi aliketi benchi la nyuma na kofia yake nyeupe, hakunung'unika hata mara moja, mpaka akina mama wenyewe wakaenda kwa wazee kumdai. Mimi, kwa upande wangu, tangu siku hiyo sikuweza kupumbaa kazini. Kila nilipojiona nimechoka nilikumbuka lile benchi.

Niliendelea. Nilipelekwa chumba cha maonyesho mjini, chini ya Supavaiza, mwanamke mrefu aliyenifundisha kuongea na wateja. "Usimwambie mteja meza ni nzuri," alikuwa akisema. "Ifungue tu, halafu nyamaza." Hilo niliweza! Nilifungua nusu mwezi, nilifungua meza za bahasha, ambazo juu yake hukunjuka kwa pembe nne kama bahasha ya barua, nikanyamaza, na zikauzwa. Miaka ya themanini ilipokuwa inazeeka minada ikakauka, watu wakataka makabati ya ukuta na meza za kioo. Fomani alistaafu akarudi kwao. Karakana ikafungwa. Mwishowe nilifungua banda langu mwenyewe Komarock, kando ya Barabara ya Kangundo. Zaidi nilitengeneza vitanda, maana vitanda ndivyo vinavyolisha, lakini kila nilipoletewa meza ya mchezo niliacha vyote.

Vijana niliowafundisha walinicheka kwa kurudia neno lile lile. Mguu kwanza. Kabla ya kufungua kitu cha mtu, hakikisha kuna kitu chini cha kukipokea.

Mama alifariki akiwa mzee wa kutosha, na meza ikaja kwangu. Nilipofunga banda kwa sababu ya macho, niliamua kazi yangu ya mwisho iwe kuipaka polishi upya. Nilikitoa kitambaa cheupe, nikaiweka meza juu ya benchi karibu na dirisha, nyuma yake ikitazama mwanga. Polishi yangu ya ujanani ilikuwa imeshika vizuri kila mahali, isipokuwa sehemu moja. Nyuma ya ule mguu unaovutwa, pale mkono unaposhika, lakri ilikuwa imelika hadi kwenye mbao, na mbao yenyewe imekuwa nyeusi, laini kama sabuni iliyotumika.

Mimi sikuwahi kuifungua nyumbani baada ya siku ile. Nilidhani hakuna aliyewahi.

Nikauvuta mguu, nikaifungua meza. Ukijani ulikuwa umepauka. Ndani ya vishimo, vilivyochongwa kwa ajili ya pesa za kamari, kulikuwa na vifungo vya sweta vilivyopangwa kwa rangi, na manyoya ya kitambaa yalikuwa yamenasa nyuzi za sufu, za maruni, za buluu, za kijivu, rangi za shule zote za Jericho na Maringo. Kumbe nilipokuwa kazini yeye alikuwa akiifungua, akikaa peke yake kwenye meza yangu, akifanya kazi yake.

Nilipaka polishi meza yote. Ule mguu sikuugusa.